Kisanduku cha Antena Kirudi Kabatini

Adil,

Wali umo sufuriani; Nura ale kwanza. Nimekwenda Buyenzi kwa Bi Mwantum, nitarudi kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Mlango wa nyuma ufungwe kwa komeo, si kwa kiti.

Ulinieleza kwamba sauti ya mama yenu huchelewa simuni kwa sababu mbili: nilikificha kisanduku cha mtandao, kile chenye antena, katika kabati la chuma, kwa kuwaogopa waporaji, na jirani yetu Sultani anavuta nyimbo kwa mtandao huohuo. Asubuhi ya leo ulikiweka dirishani, ukamwondoa Sultani mtandaoni, ukajigamba: "Bibi, mi nakwambia, sasa sauti inafika palepale!"

Husemwa "mimi". Lakini ulisema kweli. Nilimsalimu mama yenu Lamya huko Maskati, akaitikia papo hapo. Nilimwuliza hali ya afya, akajibu papo hapo. Nikamwuliza, "Mwanangu, utarudi lini kwa wanao?" Nilisikia hata kijiko kikigonga kikombe chake. Kisha akasema, "Mama, mtandao unasumbua."

Haukusumbua. Mwaka mzima nimekuwa nikikilaumu chombo kisicho na kosa.

~~Kisanduku hicho kitupwe.~~ Kirudishe kabatini, ufunge kwa ufunguo, na Sultani umruhusu tena. Karatasi hii usimsomee mdogo wako. Jumapili Nura atamwuliza mama yake swali lilelile, nami nataka mtoto awe na kitu cha kulaumu.

Bibi yako