Mawese Yameisha

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia ingawa uko chumba cha pili tu, kwa sababu mama niliyekuwa naye hayumo tena humo ndani. Asubuhi nikikuamkia huitikii marahaba. Unaniuliza nimetumwa na nani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipima mawese barazani kwetu Ujiji? Hukumbuki, basi nitakumbuka kwa niaba yetu sote wawili. Kila dumu likifika kutoka Kidahwe ulichovya kijiko, ukanusa, ukalamba, ukasema yamechanganywa au hayakuchanganywa. Hukukosea hata siku moja. Wakamuaji walikuogopa kweli.

Ndipo daktari akapima damu yako, akasema mafuta yamezidi, akakuandikia vidonge na kukukataza mawese. Tulicheka njia nzima. Wewe na wembamba ule, mafuta yangekaa wapi? Ukasema, "Mtu akila sumu tunamnywesha mawese. Leo yawe sumu yenyewe?" Nami, msomi wako, nikakuunga mkono. Vidonge uliviacha hata kopo halijafika nusu, na mimi nikaendelea kukuletea dumu kila mwezi, nikijiona mtoto mwema.

Ukaanza kusahau chumvi, kisha njia ya sokoni, kisha jina langu. Nilimrudia daktari. Akanieleza kwamba mafuta yakizidi miaka mingi huweza kuharibu mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, lakini uzee nao una yake, na kwako hakuna awezaye kusema kilianza kipi. Alidhani ananifariji. Afadhali angeniambia ni mimi, nikajua moja. Sasa kila nikilala najihukumu upya, na hukumu haiishi.

Jana ulikataa ugali, ukakataa na samaki wako wa mgebuka. Nilikuwa nimeishiwa mbinu, mama. Nikachovya kijiko kwenye mawese, yaleyale, nikakusogezea. Ulinusa, macho yakachangamka.

"Haya ya Kidahwe," ukasema. "Hayajachanganywa."

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikapiga magoti, nikakuuliza mimi ni nani. Ulinitazama kwa adabu, ulivyokuwa ukiwatazama wateja wageni.

"Sikujui, baba. Ila ukimwona mwanangu, mwambie mawese yameisha."

Nitamwambia, mama. Kwaheri.

Mwanao, yule wa madumu