Papa Florent na Supu Yake ya Korea

Papa Florent Mwamba, mwaka umezunguka tangu moyo wako usimame ghafla, Jumatatu ile asubuhi, ukifunga kamba za viatu uende kazini. Viatu bado viko mlangoni. Maman Victorine, mke wako, hataki mtu avisogeze.

Kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Ixelles, huku ugenini, uliwaosha wazee wa watu, ukawanyoa ndevu, ukawaimbia nyimbo za Bukavu wasizozielewa, nao wakakubonyezea kengele hata pale wasipokuwa na shida yoyote. Nyumbani ulikuwa mpole na mchekeshaji, ila kwenye mambo ya mpira hukukubali kushindwa. Mashati yako ulipiga pasi mwenyewe. Chai yako ilikuwa sukari tupu. Na kila Jumamosi ulikula nje.

Hapo ndipo penye kidonda, na Maman ameturuhusu sisi watoto wenu tukitaje.

Jumamosi ulirudi nyumbani Saint-Gilles jioni, paji la uso linang'aa, pua inachuruzika, unaimba chini chini. Koti lilinuka kitunguu saumu na pilipili. Fufu aliyokusongea Maman uliigusa kwa adabu tu. Jirani yetu, Maman Mwanvua, akamwambia kwenye ngazi, "Chunga, maman. Bwana yako anakulaka inje." Kwetu Kongo neno hilo lina maana mbili. Maman akashika ile mbaya: kwamba una deuxième bureau, mwanamke wa pembeni, tena anayejua kupika.

Nawe, Papa, hukujisaidia hata kidogo.

"Maman Yolande, kuya nikupeleke kwa ile madame ya Flagey," ulimwambia mkeo, ukimwita kwa jina la binti yenu. "Ule anajua pilipili. Utasema tuko Bukavu."

"Wende tu," alikujibu. "Ule mwenye anakupikiaka anakungoya."

Ulicheka, ukidhani ni utani. "Bon, kesho basi," ukasema, ukavaa koti. Maman alikuwa na kiburi cha kutouliza. Wewe hukuwa na cha kuficha, kwa hiyo hukueleza. Mkaishi hivyo, miaka, kitanda kimoja na jambo hilo katikati yenu.

Mwezi uliopita Maman alikuwa anatoka sokoni Flagey pamoja na Yolande, binti yenu. Penye mlango mmoja mdogo akasimama ghafla. Ilikuwa harufu ya koti lako. Akaingia, mkoba kifuani, tayari kumwona huyo mwanamke uso kwa uso.

Akamwona. Mwanamke mzee wa Kikorea, mgongo umepinda, aproni inamfika miguuni. Juu ya meza, kwenye jiko dogo la gesi, sufuria ya mteja ilikuwa inatokota: mchuzi mwekundu wa pilipili, figili, majani, na samaki na kichwa chake. Maman akazungusha macho akimtafuta mwanamke mwingine. Hakukuwa na mwingine.

Akatoa simu, akamwonyesha picha yako, akasema kwa Kifaransa kwamba yeye ni mke wa huyu.

Yule mama akafuta mikono kwenye aproni, akaishika mikono ya Maman yote miwili.

"Ah," akasema. "Madame Kesho."

Akaeleza kwamba kila Jumamosi, Papa, alikuuliza mke wako yuko wapi. Hukutaka kumwambia mgeni kwamba mkeo amekataa kuja. Ukajibu kwa lugha yetu, "Kesho," na kucheka. Naye akadhani ndilo jina la mkeo.

Maman akakaa kwenye kiti chako, akala. Supu ilimchoma koo, ikampasha joto hadi miguuni, na kweli, ilikuwa na ladha ya samaki wa ziwani kwetu siku za mvua. Machozi yakamtoka. Yolande akamwambia yule mama kwamba ni pilipili.

"Si pilipili, mutoto yangu," Maman akasema. "Nimechelewa."

Ndani ya basi alisema maneno machache tu. "Angeniambia ni supu." Kisha, walipokaribia nyumbani: "Na miye ningeuliza."

Tunajuta, Papa. Sisi watoto tulikusikia ukimwita Jumamosi baada ya Jumamosi, na hakuna kati yetu aliyesema, haya, twendeni sote. Tulidhani Jumamosi zingine bado zipo.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi hii, parokiani kwetu Saint-Gilles. Tukitoka hapo tunakwenda Flagey. Maman ameshaomba meza, na kichwa cha samaki kitakaa upande wako.

Wanaokukumbuka: mkeo Victorine, wanao Yolande na Noé, dada yako Priscille, huko Bukavu, jirani Mwanvua, anayekuomba msamaha, na wazee wako wa Ixelles, ambao bado wanabonyeza kengele.

Tutakukumbuka leo, kesho na siku zote.