Maganda Yaliyokunywa Wekundu

Rhonda, Nakuru
2008

Mama mpendwa,

Isome hii ukiwa umeketi, si umesimama jikoni kama kawaida yako. Goti lako linasemaje? Mimi ni mzima, nakula, na nyumba niliyopanga haikuchomwa.

Kazi imerudi. Bado natia rangi nyuzi za sweta. Lakini maji tuliyokuwa tukimwaga mtaroni yalikuwa mekundu, na tangu fujo za uchaguzi za Januari watu walikuwa wakiuruka mtaro huo bila kutazama chini. Bosi akaniambia, "Wekesa, hii maji itatuletea shida. Watu wameona damu ya kutosha."

Basi mwanao aliyemaliza fomu foo sasa anaokota maganda ya ndizi sokoni. Usicheke. Nayaanika, nayaponda, najaza pipa, kisha napitisha maji humo. Yanaingia mekundu, yanatoka karibu meupe. Wekundu unabaki kwenye maganda. Ajabu ni kwamba sasa watu wanayaogopa maganda kuliko walivyoyaogopa maji. Nami nikiachwa peke yangu na lile pipa, nalifunika kwa gunia.

Kuna jirani, Mama Barasa, mtu wa huko kwetu. Mwanawe alitoka Januari kutafuta unga, hakurudi, wala mwili haukuonekana. Kila asubuhi mama huyo alikuwa akija kusimama mtaroni, anatazama maji. Siku yalipotoka meupe alipiga magoti akayagusa. Kisha akaja kwenye pipa, akatia mkono, akatoa maganda.

"Nipatie haya yote."

Unajua kwetu mtu asipopatikana huzikwa mgomba badala yake. Nilielewa, Mama, na niliogopa sana.

"Mama Barasa, hiyo ni rangi ya sweta tu."

"Najua ni rangi," akasema. "Shika huo upande tubebe."

Tulichimba nyuma ya ploti. Wapangaji walitoka mmoja mmoja, wakatuzunguka. Hakuna aliyeuliza tunazika nini. Tulipomaliza, mwanamke nisiyemjua alinivuta shati, akaniuliza polepole kama kuna maganda yamebaki.

Sasa siyatupi tena. Wanakuja, nawapa.

Msalimie Baba, na dada yangu anayenyonyesha, na shangazi anayesaga unga pale posho mill, mwambie kikohozi changu kilipona. Simu yangu iliibwa, na barua siku hizi zinachelewa njiani. Nikikawia kuandika, Mama, tafadhali usizike kitu. Ningoje.

Mwanao,
Wekesa