Ukuta Uliotembea

Harlan,

Naenda kwa binti yetu. Supu ipashe moto. Mbwa keshakula, asikudanganye.

Asubuhi nilikwenda peke yangu kuyaona yale magari-nyumba mawili tuliyoyabishania wiki nzima. Lako, la kampuni ya Brandvold, ni zuri, ~~tununue hilo~~ hapana. Nilikaa chooni mwake, mlango ukagoma kufungika kwa magoti yangu. Sembuse yako, twiga wewe! Ndani ya langu, la Ostrander, nilibonyeza kitufe, na ukuta mzima ukatembea kwenda nje, sebule ikapanuka huku nakodoa macho. Nikajilaza kitandani na viatu vyangu, nikaiona mbingu yote ya Indiana kupitia dirisha la paani. Nikasahau kushuka.

Kile kibao cha "Nyumba Inauzwa" ulichokificha kwenye banda la gari kwa kuniogopa, nimekisimika mwenyewe mbele ya nyumba.

Mkeo