Hesperia, Shamba la Binti

Jumatatu, 3 Juni
Nimepalilia mistari minne. Kibao nimekipaka rangi upya: HESPERIA. Utawa niliuacha, Kilatini cha unovisi hakikuniacha. Wayunani walisimulia kwamba kule jua linakotua, mabinti wa Jioni walilinda matunda ya dhahabu. Warumi wakalichukua jina, wakaziita hivyo nchi za magharibi. Shamba langu linateremka upande wa Burundi, lina michungwa sitini, na mlinzi wake ni binti. Jina limefika mahali pake.

Jumatano, 5 Juni
Kibao kimeng'olewa. Kaka Gwasa anatangaza kijiji kizima cha Heru Juu kwamba nimelipa shamba jina la shetani. Mwongo. Shetani anayemsumbua ni machungwa. Baba alinipa shamba hili mwenyewe, bila karatasi, tukapanda minyaa mpakani. Sasa Baba hayupo, na eti mtoto wa kike harithi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekiokota mtaroni. Nimekipigilia tena, misumari minane. Hasira zote nimezimalizia kwenye nyundo.

Jumatatu, 10 Juni
Wito wa baraza la ardhi la kijiji, Alhamisi. Gwasa anadai shamba ni lake, mimi nalima kwa hisani tu. Mwenyekiti kanishauri nibadili jina, niombe radhi, yaishe. Naogopa kulipoteza. Lakini sibadili. Siombi.

Alhamisi, 13 Juni
Gwasa kasema kapu la machungwa nililompelekea kila msimu lilikuwa mavuno yake, mimi nilikuwa namkabidhi tu. Nikamgeukia mkewe.
"Wifi, kapu langu lilikuwa linarudi vipi?"
Yuditha akavimba, kama nimemtukania malezi. "Kapu la mtu nilirudishe tupu? Sikulelewa hivyo! Kila mwaka natia maharage."
Baraza likaangua kicheko. Hapa kwetu mtoto mdogo anajua: kapu hurudi na kitu kumshukuru mwenye mali. Nani hushukuru kwa mavuno yake mwenyewe? Gwasa akatazama viatu. Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu imeishia jikoni kwake. Shamba limeandikwa kuwa langu, kwa jina la Hesperia. Katibu kaniomba nimtajie herufi moja moja. Nikazitaja kwa sauti.

Jumapili, 23 Juni
Nimeanza kuvuna. Kapu la kwanza nimempelekea Gwasa, kama kila mwaka.
Jioni kalirudisha mwenyewe, limejaa maharage. Hakuvuka minyaa. Alisimama nje, kando ya kibao, akapiga hodi.
Nilimwacha apige mara ya pili. Kisha nikamkaribisha.