Mstari Usio na Ndege

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha, na viatu vya shule bado vinanitosha, ingawa Baba anasema miguu yangu inakua kama ina haraka ya kufika mahali. Nataka habari zako kabla ya zangu. Mgongo umepoa? Wale wanafunzi wako wa ukunga wameacha kuogopa kushika watoto wachanga? Unakula kabla ya zamu, au bado unakunywa chai ukijidanganya kuwa ni chakula? Baba hajambo kwa mwili. Habari zake nyingine utazisoma mbele.

Mama, tangu tumzike Bibi umepiga simu mara nyingi, na kila mara nimesema nina kazi za shule. Zilikuwepo, ila si nyingi hivyo. Ukweli ni kwamba nilikukasirikia mpaka sauti yako ikawa inanikera. Hasira hiyo bado ninayo, tena imeongezeka, lakini imehama nyumba. Ndiyo maana nakuandikia. Baba alinionyesha ujumbe wako unaosema kuwa mwisho wa mwezi utasaini mkataba mwingine, kwa kuwa huku nyumbani hakuna anayekusubiri. Nakuomba usishike kalamu ya watu kabla ya kumaliza kusoma.

Nianze na msiba, maana wewe uliusikia kwa simu, na kwenye simu watu husema nusu.

Bibi alipofariki, Mama Mkubwa hakuuliza kama utakuja. Aliuliza utafika saa ngapi, ili ajue wageni walale wapi. Sababu ilikuwa kalenda. Hujaiona, ilitoka baada ya wewe kuondoka. Ni ya shirika la ndege analofanyia kazi Baba, na chini ya tarehe kuna ramani ya Afrika yenye mistari myekundu inayotoka mji wetu kwenda kila upande. Mmoja unakata bara katikati, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na mwisho wake ni mji unaokaa wewe. Baba ndiye aliyeichora, na nakala ya kwanza alimpelekea Bibi. Mama Mkubwa aliitundika karibu na kitanda. Macho ya Bibi yalipopungua nguvu, alikuwa akiniomba nimshike kidole nikipitishe juu ya ule mstari. Halafu anacheka, anasema mwanawe hayuko mbali, ni mstari mmoja tu, watu wanamwonea huruma ya bure.

Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mjomba alisema ukipanda asubuhi utawahi chakula cha jioni. Ulipopiga simu kusema hakuna ndege ya moja kwa moja, kwamba ni lazima upande mpaka Ulaya ndipo ushuke tena kwetu, na kwamba huko wanataka viza hata kwa mtu wa kupita tu, na ubalozi wao umefungwa hadi Jumatatu, Mama Mkubwa alikuwa ameweka simu kwenye spika. Chumba kizima kilisikia. Chumba kizima kikageuka kutazama kalenda.

Alikuuliza kama ule mstari umechorwa na panya. Wewe hukujua mstari gani. Ulidhani kilio kimemchanganya, ukamwambia dada, hebu pumzika kidogo. Hilo ndilo lililomwasha. Alisema mtu akishazoea mshahara wa ugenini, hata kifo cha mamaye anakitafutia udhuru. Mazishi yakasogezwa, yakasogezwa tena, mpaka Mjomba akasema marehemu si mzigo wa kusubiri ndege. Tukamzika. Jumatatu wewe ulikuwa bado unaambiwa ulete uthibitisho kwamba hutabaki Ulaya, wewe uliyetaka kukaa tu kwenye benchi la uwanja wao ukimsubiri rubani.

Na muda wote huo Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, chini kabisa ya ile kalenda. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Watu walikusema vibaya kushoto na kulia kwake, na yeye anafuta miwani. Nilifikiri ni huzuni.

Wiki mbili zilizopita mwalimu wetu wa jiografia alitupa kazi ya kulinganisha ramani za usafiri za zamani na za sasa. Nilijiona nimepata bahati, nikaenda ofisini kwa Baba baada ya masomo. Alifurahi kuniona. Wenzake wanamwita Rula, kwa sababu ananyoosha mstari kwa mkono mtupu na rula ikija kupima inakuta umenyooka. Alifungua droo zile pana, akanitolea ramani moja moja kama mtu anayetoa nguo za sherehe.

Ya zamani kuliko zote ni ya wakati Bibi alipokuwa msichana. Mistari yake yote inapanda kaskazini kwenda Ulaya, kama mirija iliyotiwa kwenye glasi moja. Miji miwili yetu inaweza kuwa imekaa bega kwa bega na hakuna hata uzi kati yao. Ya pili ni ya shirika lile lililokufa, lililompa Baba kazi akiwa kijana. Hiyo ni nzuri, Mama. Mistari inatoka mji hadi mji, ndege inatua hapa na pale kama mtu anayepita akisalimia majirani. Baadhi ya mistari imechorwa kwa nukta. Nilipouliza, Baba alinieleza kwa fahari kabisa kwamba mstari mzima ni wa safari iliyopo, na nukta ni za safari inayotarajiwa. Alisema ni somo la kwanza alilopewa na fundi wake: usimnyooshee msafiri mstari kama huna ndege ya kumpa.

Ya tatu ilikuwa ile ya kalenda. Haina nukta hata moja.

Nikashuka chini kwenye kaunta ya tiketi kuomba ratiba, ili kazi yangu ikamilike. Nilimwamkia dada wa pale, nikamwuliza ndege ya kuja mji wako inaruka siku gani. Alinitazama, akamwita mwenzake aje amwone mwingine wa mstari. Yule mwenzake akasema huyu wa leo hata sare anayo, basi kazi ipo. Walicheka, si kwa ubaya. Dada akaniambia mdogo wangu, safari hiyo haijawahi kuruka hata siku moja. Serikali mbili zilikaa kuzungumza nani atue wapi, kila mmoja akataka kiti cha dirishani, wakaachana mwaka jana mwezi wa saba. Akasema kila wiki kuna mtu anamwekea kidole kwenye ramani na kumtukana kana kwamba yeye ndiye ameificha ndege. Alinielekeza nipande juu nikamwulize Rula, maana mkono ni wake, nimwambie wamechoka kutukanwa kwa ajili ya usanii wake.

Sikumwambia kwamba Rula ni baba yangu. Nilimshukuru, kwa sababu nimefundishwa kushukuru.

Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza Baba. Kwanza alisema ni meneja wa matangazo. Mwanzo aliuchora kwa nukta, meneja akasema nukta zinafanya shirika lionekane lina matundu, wageni wakubwa wanataka ramani iliyoshiba, na kibali cha kutua kingekuja tu. Akaunganisha nukta. Nilimwuliza kama kweli hilo ndilo lote. Akatembea. Nikamkumbusha kwamba mazungumzo yalivunjika mwezi wa saba, na wewe uliondoka mwezi wa nane.

Hapo akasimama, karibu na duka la vipuri, akaniambia jambo ambalo wewe hulijui.

Alijua, Mama. Alijua wakati sanduku lako bado liko wazi kitandani. Unakumbuka ulivyokuwa unasitasita kwa sababu ya afya ya Bibi, na mwenyewe ukasema utakwenda tu kama kweli ndege ya moja kwa moja inaanzishwa, uweze kurudi haraka akizidiwa. Baba akakuhakikishia inaanzishwa. Mlipoondoka wakunga wote pamoja kwa kupitia Ulaya, hospitali ikiwa imewatengenezea hati, alikuambia hiyo ndiyo mara ya mwisho kuzunguka hivyo. Na mwaka huu ulipomwuliza kwa simu kama safari imeanza, alikujibu iko kwenye ramani. Nilikuwepo. Nilidhani anakujibu.

Alisema aliogopa ungefungua sanduku na kutoa nguo. Kazi hiyo ulikuwa unaitamani tangu ukiwa mwanafunzi, na hakutaka uikose kwa ajili ya ugomvi wa watu wenye tai. Alidhani wangepatana kabla mtu yeyote hajahitaji kusafiri, na uongo wake ungegeuka kuwa kweli bila mtu kuumia. Halafu Bibi akazidiwa.

Nilimwambia hilo labda nitalielewa nikiwa mkubwa. Lakini kile kiti cha plastiki sikielewi. Angeweza kusimama na kusema sentensi moja, kwamba hakuna ndege. Nilijua atasema msibani si mahali pa jambo hilo, na kweli alisema hivyo hivyo. Nikamwuliza mahali pake ni wapi. Akaniagiza nisikuandikie, atakueleza mwenyewe muda ukifika. Nikamwuliza huo muda ni mstari mzima au ni nukta. Najua si adabu. Alikuwa na haki ya kunigombeza, na hakunigombeza.

Sijamkasirikia yeye peke yake, usidhani. Nimekasirikia hao wa mezani walioachana kwa ajili ya viti, na huyo meneja wa ramani iliyoshiba. Mimi na wewe tuko bara moja. Kutoka kwako kuja kwangu kwa kupitia Ulaya ni sawa na mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni kwake kwa kuzunguka nyumba ya jirani, tena jirani amemsimamisha mlangoni anamdai cheti. Na tumezoea. Mwalimu alipoona ramani zangu alisema kazi nzuri, akaniwekea alama za juu. Nilizitazama alama zile nikatamani kuzifuta.

Nilipofika hapo jana niliacha kuandika. Nikaiweka barua mbele ya Baba, kwa sababu sikutaka kumsema kwa kificho. Aliisoma yote, akarudia. Alisema pale kwenye kiti nimekuwa mkali. Nikamwambia akitaka nitapafuta. Akasema paache. Akavaa viatu, akaniambia twende wote kwa Mama Mkubwa, maana akienda peke yake anaweza kugeukia njiani.

Tulimkuta anashona sare za watoto. Hakusimamisha cherehani. Alisema shemeji, sema tu, masikio hayashoni. Baba alianza na habari za mvua, za bei ya kitambaa, nikamkanyaga mguu. Ndipo akasema. Cherehani ikanyamaza. Mama Mkubwa alimtaka arudie, akarudia, safari hii bila kumtaja meneja. Mama Mkubwa akamwuliza taratibu kama ana maana kwamba miezi hii yote yeye anamtukana mdogo wake wa tumbo moja, na shemeji anamsikiliza huku anakunywa chai yake. Baba akasema ndiyo. Mama Mkubwa akamwambia basi anyanyuke kwenye kiti chake. Baba akanyanyuka, akasimama karibu na mlango mpaka tulipoondoka, kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Mama Mkubwa alilia, si kidogo. Halafu alinituma maneno, nitakuandikia mwishoni.

Mimi na Baba tunazungumza. Nampikia, ananisahihishia hesabu. Lakini bado nimemkasirikia na sitajifanya nimemaliza. Wewe utaamua lako. Kuhusu mkataba, kama unasaini kwa sababu unaipenda kazi na wale wanafunzi bado wanakuhitaji, saini, nitawaambia watu mama yangu anafundisha wakunga, na nitasema kwa sauti. Lakini usisaini kwa sababu unadhani mlango wa huku umefungwa. Na kama utakuja, anza kudai viza leo, usingoje mtu augue. Waambie una mtoto mmoja tu.

Ningeituma barua hii kwa posta, lakini nayo ingepitia Ulaya na ingekukuta umeshasaini. Basi nimeiandika kwa mkono, kama tulivyofundishwa kwa mambo mazito, kisha nitapiga picha kila ukurasa nikutumie kwa simu ya Mama Mkubwa. Picha haziombwi viza. Ukiona kidole pembeni ni chake, amekataa kuniachia simu nishike mwenyewe.

Wasalimie wakunga wenzako wote. Mjomba anakusalimu, bado hajui la kusema. Baba anakusalimu pia, na ameniomba nisiongeze kitu juu ya salamu hiyo, atakupigia mwenyewe Jumapili. Upokee.

Maneno ya Mama Mkubwa ni haya, nimeyaandika kama alivyoyatamka. Anasema kukuomba radhi hatakuomba kwa mkono wa mtoto. Anasema kaburi la mama yenu halijajengewa. Mafundi walikuja na saruji akawarudisha, na watu walipouliza alisema pesa hazijatimia, lakini zilikuwa zimetimia. Hata alipokuwa anakutukana, hakuweza kulijenga bila wewe.

Mwanao anayekupenda,
kifungua mimba wako na kitinda mimba wako, yote mawili.