Josho Lililoota Nyasi

Dodoma,
Jumapili jioni.

Kaka yangu mpendwa Renatus,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe, wifi Juliana na watoto wote. Yule mdogo ameshaacha kukohoa? Mama kule Tumati hajambo, analalamika magoti tu, na anasema mahindi yamekubali mwaka huu. Mimi mwili ni mzima. La mwili ndilo ninaloweza kukuhakikishia.

Najua umenikasirikia. Nilikuwa huko Dirma siku sita, nikapita na gari la serikali mbele ya zizi lako asubuhi na jioni, wala sikushuka hata kuwasalimia. Wifi alinipungia mkono, nami nikainamia makaratasi. Simu zako nimeziona zote. Mama naye amenipigia akaniuliza tangu lini nimekuwa mtu wa kuwapita ndugu kama siwajui. Nikikueleza kwa simu nitalia kabla sijafika katikati, kwa hiyo nimeshika kalamu. Isome yote kabla hujaichana, maana nakujua.

Tulikuja kukagua miradi ya mifugo. Serikali ikishajenga kitu, sisi tunafuata nyuma kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Hatuli wala hatunywi kwa tunaowakagua, hata chai ya rangi. Watu wanatuona tuna maringo, na siwalaumu. Tulikuwa wawili, mimi na Hamis, mtoto wa mjini Tanga. Jioni tukirudi Katesh yeye alikuwa na jamaa zake wenye maduka, anakwenda kuswali nao na kula nao. Mimi nilibaki gesti na sahani yangu ya chipsi, nautazama mlima Hanang, na kwako si mbali kwa pikipiki. Nilikuwa mpweke, kaka. Sijawahi kuwa mpweke vile hata hapa Dodoma.

Siku ya kwanza tulianzia kwenye josho la kijijini kwako. Hamis alipima kuta, akapiga picha, akasema zege limenyooka, tuandike kazi imekamilika. Lakini mimi ni mtoto wa mfugaji. Nilitazama njia ya kuingilia nikaona nyasi zimenifika magotini. Alama ya kwato hakuna, kinyesi hakuna, na pale ng'ombe wanapotakiwa kusimama wachuruzike dawa palikuwa pasafi kama sebule. Nililivuta bomba la maji likatoka lote mkononi, halikuunganishwa na kitu. Nikamwambia Hamis kwamba humu hajaogeshwa ng'ombe hata mmoja. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na ndama wake akatuambia ndigana, ule ugonjwa wa kupe, imemmalizia ng'ombe wanne msimu huu, na kila akiuliza anajibiwa kwamba wanakijiji wenyewe wameshalipokea josho na kuridhika nalo.

Jioni ile nikafungua faili. Hati ya makabidhiano ilisema josho lina maji, lina dawa, na limejaribiwa kwa ng'ombe mia mbili. Chini yake kulikuwa na saini ya mwenyekiti wa kamati ya josho. Ni ile saini yako yenye mkia mrefu, uliyokuwa ukiniwekea kwenye ripoti za shule baada ya Baba kufariki. Niliifunga faili, nikaifungua tena.

Kesho yake tuliwahoji wajumbe wa kamati. Wewe ulikuwa Gehandu msibani, nikamshukuru Mungu, halafu nikaona aibu kumshukuru kwa kifo cha mtu. Mzee Severine alitueleza yote bila kificho. Alisema mkandarasi alikuja na kondoo watatu, wakachinjwa, watu wakala wakashiba, ndipo karatasi ikatolewa kwenye mkoba na ahadi kwamba maji yataunganishwa wiki inayofuata. Akatuuliza wangeweza vipi kumkatalia mtu saini wakati nyama yake bado wanaitafuna. Hamis alicheka. Mimi sikucheka, maana hata mimi ningesaini. Najua hukupokea kitu kingine zaidi ya nyama ile. Lakini ng'ombe wa yule bibi ndio wamekwisha kufa.

Sasa hili hata Mama halijui. Hati ile niliichomoa kwenye faili. Hamis alikuwa hajaiona. Nilikaa nayo siku mbili ndani ya Biblia yangu, na nilishakusudia kuichoma.

Na kuna baya lililotangulia. Kabla ya safari kila mkaguzi hujaza fomu kusema kama ana ndugu huko anakokwenda. Mimi niliandika sina. Wewe unatumia jina la babu, mimi la Baba, nani angetuunganisha? Nilidanganya kwa sababu ni miaka mitatu sijakuona. Nilipanga siku ya mwisho nije nilale kwako, niwasikilize mkiongea Kiiraqw mpaka usingizi unichukue. Ndicho nilichokitaka, kaka, na kwa ajili yake nilikukana kwa maandishi.

Alhamisi ya wiki ile niliirudisha hati kwenye faili nikamweleza Hamis kila kitu. Tulipofika Dodoma nikamwandikia mkuu wangu. Nimeondolewa kwenye kazi hii, nasubiri barua ya nidhamu, na huenda nikafukuzwa. Wiki ijayo watakuja wakaguzi wengine, na watakuita wewe kwanza. Huenda mambo yakafika mbali, sitaki kukudanganya. Waambie ilivyokuwa. Usiseme ulilazimishwa, kwa sababu hukulazimishwa. Na mtu akikunong'oneza kwamba ni Severine au jirani fulani aliyekuchongea, usimchukie bure. Aliyekutaja ni mimi.

Nisalimie wifi na watoto, na wote wanaoniulizia, kama bado wapo. Sikudai unisamehe. Ukiona huwezi kuniandikia, mwambie wifi anitumie meseji fupi tu kwamba barua imefika. Hiyo itanitosha kujua kwamba uliisoma.

Ni mimi mdogo wako,
Marieta